Nimemaliza Animorphs nikiwa na miaka 37. Nimpe mwanangu wa miaka 10 au nisubiri?

BintiNgamiani:

Salaam wadau. Swali langu liko chini kabisa, mwenye haraka ashuke. Mwenye nafasi akae kidogo, maana hili jambo limenikaa kooni wiki tatu na hapa nyumbani hakuna wa kumwambia. Mume wangu anachosoma ni matokeo ya mpira tu.

Mwaka 1999 nilikuwa na miaka 11, nalelewa na bibi yangu Ngamiani, Tanga, barabara ya 12. Mjomba wangu alikuwa baharia. Alitusimulia kwamba kwenye bandari za ughaibuni kuna vituo vya mabaharia, unapewa chai, unapiga simu nyumbani, na ukutani kuna rafu ya vitabu vya bure, chukua utakacho. Wenzake walichukua majarida ya magari. Mjomba, ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha kuhesabia makontena, alichagua kwa jalada. Akaniletea vitabu tisa vyembamba, kila kimoja na picha ya mtoto anayegeuka mnyama hatua kwa hatua: mvulana, mvulana mwenye manyoya usoni, nusu mvulana nusu ndege, mwewe. Alidhani ni vitabu vya kufundishia majina ya wanyama.

Kumbe ilikuwa Animorphs. Kwa asiyeijua: ni mfululizo wa Marekani wa K. A. Applegate, vitabu 54 kati ya 1996 na 2001, ukiacha vile vya pembeni. Watoto watano, Jake, Rachel, Tobias, Cassie na Marco, wanarudi nyumbani usiku kutoka madukani, wanakatiza kwenye uwanja wa jengo lisilokamilika, chombo kinatua mbele yao. Ndani yumo Elfangor, kiumbe wa sayari nyingine, anakata roho. Anawaambia dunia imeshavamiwa kimyakimya na Yeerk, viumbe kama konokono wasio na gamba, wanaoingia sikioni na kuushika ubongo. Mtu anaendelea kucheka na kwenda kazini, lakini siye yeye. Elfangor anawapa uwezo wa kujigeuza mnyama yeyote waliyemgusa. Sharti moja: ukipitisha saa mbili umebaki hivyo hivyo. Kisha watoto wanajificha nyuma ya ukuta wakimtazama Elfangor akiliwa mzimamzima. Hicho ni kitabu cha kwanza tu, na hakijaisha mmoja wao, Tobias, ameshapitisha saa mbili. Amekuwa mwewe.

Namba nilizokuwa nazo ni 1, 3, 5, 6, 7, 13, 19, 20 na 22. Mtaona kasoro. Hadithi ya David, mtoto mwingine anayepewa uwezo ule kisha anawageuka wenzake, inaanza 20 na inaisha 22, na 21 sikuwa nayo. Niliitunga mwenyewe. Niliwasimulia watoto wa barabara ya 12 kitabu kizima ambacho sikuwahi kukiona, na nikaapa kwamba nimekisoma. Kwenye ya kwangu David anatubu, halafu 22 inaanza tena ni mwovu, nikalazimika kusema amerogwa.

Sasa, bibi. Siku moja alikuwa anachagua mchele, mimi nikamweleza habari za Yeerk. Nilitaka ashtuke. Hakuinua hata macho kwenye ungo.

“Si pepo huyo? Wamemuuliza jina?”

Nikamwambia wanayo majina, na namba mbele yake.

“Na wamemuuliza anataka nini?”

Nikakwama. Mashujaa wangu hawakuwa watu wa kuuliza. Walikuwa wakigeuka chui milia na dubu na kurarua. Bibi akatupa jiwe la mchele uani, akasema, “Basi hao watoto hawana mganga.” Yakaishia hapo. Wa pwani mnajua, kwetu aliyepandwa na pepo anaitwa kiti. Pepo anakalia, mtu anakaliwa. Kwenye kitabu mtu aliyeingiwa na Yeerk ana jina lake la Kiingereza, lakini tangu siku ile kichwani mwangu wote wale ni viti.

Mwaka huu shemeji yangu alikuja kutoka Minneapolis. Nilimwomba kwa utani, akanibebea katoni nzima ya mitumba, kuanzia 1 mpaka 54, imepungua mitano tu, na hiyo mitano nikaisoma kwenye simu. Nilidhani nitacheka. Nilidhani itakuwa kama kuonja tena zile pipi za mzinga, unashangaa tu kwamba ulipigania kitu kama hiki.

Nilipofika kitabu cha 6 ndipo nilipoacha kucheka. Jake, kiongozi wao, anaingiwa na Yeerk. Wenzake wanamfunga kwenye kibanda msituni siku tatu, kwa sababu Yeerk asiporudi kwenye bwawa lao kula ndani ya siku tatu anakufa kwa njaa kichwani humo humo. Nikiwa mtoto niliyaona mateso ya Jake tu. Safari hii nikajiuliza: na nyumbani kwao je? Nyumbani wamempeleka Ax, yule mdogo wake Elfangor, akiwa amevaa sura ya Jake. Na kaka mkubwa, Tom, ni kiti tangu kitabu cha kwanza. Kitabu hakitupeleki mezani, maana msimulizi ni Jake na Jake yuko kibandani. Nikajipeleka mwenyewe. Mama yule anapakua chakula. Kulia mwanawe ambaye si mwanawe. Kushoto mwanawe ambaye si mwanawe. Na kila baada ya saa mbili mmoja anaomba kwenda chooni.

Nikainuka nikaenda kumwangalia wangu amelala. Msinicheke.

Tangu hapo nimesoma vitabu vyote kwa upande wa wazazi, na kwa upande huo hakuna kinachosomeka. Mama yake Marco walimlilia kwamba amekufa maji, kumbe ni kiti cha mmoja wa majemadari wakubwa wa Yeerk, na humo kichwani anamwona mwanawe akipigana naye. Kwenye 22, binamu yao Jake na Rachel yuko mahututi hospitali, David anajigeuza yeye, familia inashangilia muujiza. Nikiwa na miaka 11 niliona ujanja wa David. Nikiwa na miaka 37 nilimwona yule mama anayemkumbatia mwanawe aliyepona.

Halafu kuna la Rachel. Vitabu vyangu viliisha 22, kwa hiyo kwangu mimi Rachel alikuwa hai miaka 26. Ndiye niliyejiita mimi tulipocheza. Nimemzika mwezi uliopita, jikoni, saa tano usiku, umeme umekatika, nasoma kwa tochi ya simu. Anatumwa na Jake, binamu yake wa damu, akamuue Tom, na wote wawili wanajua harudi.

Basi, maswali. Mwanangu ana miaka 10, yuko darasa la tano, Kiingereza kinapanda vizuri, na katoni ameshaiona. Nimpe? Na nyie mlioirudia ukubwani, ni nani aliyewabadilikia?

InamaUchague:

Dada umenirudisha mbali. Mimi wa Nairobi, mnivumilie Kiswahili. Vyangu nilivinunua kwa wale wa inama, wanaotandaza vitabu kando ya barabara katikati ya mji, unainama ndiyo uone. Shilingi hamsini, thelathini kama jalada limeng'oka. Nilikuwa natembea kutoka shule hadi nyumbani ili nauli ya matatu iwe kitabu. Mama akawa anashangaa viatu vinaisha haraka hivyo.

Wewe hukutaja kile kijipicha cha pembeni! Chini kwenye kona ya kila ukurasa kulikuwa na picha ndogo, ukizipitisha haraka na kidole gumba mtoto anageuka mnyama mbele ya macho yako. Vya inama vilikuwa na alama ya vidole vya watu wengine pale pale kwenye kona. Nilijua kuna mtoto mahali, Marekani au Uingereza, aliyefanya kama mimi.

Kuhusu mwanao, mpe. Watoto hawatishwi na vitu vinavyotutisha sisi. Mwulize aliyesoma akiwa mdogo ni nini kilimtisha, hatakwambia mama wa Jake. Atakwambia chungu. Kitabu cha 5, wanajigeuza chungu (si chungu cha kupikia, hao siafu wadogo) wapite ardhini waingie nyumba ya adui. Na mara tu wanapobadilika, wao wenyewe hawapo. Si kwamba wana hofu. Hakuna mtu wa kuwa na hofu. Ni kundi tu linalotembea. Halafu wanakutana na chungu wa kundi lingine. Nililala na taa wiki nzima, na sisi nyumba yetu ya Kayole ilikuwa na siafu kila mvua ikinyesha. Nilikuwa nawaruka.

Aliyenibadilikia ni Marco. Zamani nilimpenda kwa mizaha. Sasa naona kila mzaha wake unakuja sekunde moja kabla ya kulia.

BabaZawadi:

Swali dogo tu kwa heshima. Kwani hatuna vya kwetu vya kumtisha mtoto mpaka tuagize Minneapolis?

BintiNgamiani:

BabaZawadi, tunavyo, na vinatisha kuliko hivi. Bibi yangu huyo huyo alinisimulia zimwi lililomtia msichana ndani ya ngoma, likawa linazunguka nayo mitaani, likipiga ngoma msichana anaimba humo ndani na watu wanatunza wakidhani ni ngoma nzuri. Nilikuwa na miaka mitano. Hakuna aliyeuliza kama ninafaa umri.

Lakini ukitazama vizuri si ni hadithi moja? Mtu kafungiwa ndani, anaimba, wa nje wanapiga makofi. Tofauti ni kwamba msichana wa bibi anasikika na mama yake, sauti inatambulika, zimwi linanyweshwa pombe, ngoma inafunguliwa. Tom hakusikika na mtu mpaka mwisho. Hilo ndilo ninalojiuliza kama ni la kumpa mtoto wa miaka 10.

InamaUchague, chungu nimewakumbuka na sikukushukuru.

Malagarasi:

Habari zenu. Mimi huwa nasoma tu siandiki, ila hapa nitaandika.

Nimezaliwa kambi ya Nyarugusu, Kigoma, mwaka 1999, wazazi wangu ni watu wa Fizi. Mwishoni mwa 2012 tukapelekwa Marekani, Kentucky. Nilikuwa na miaka 13 na Kiingereza changu kilikuwa cha kusalimia. Mwalimu wa maktaba ya shule alinipa hivi vitabu kwa sababu ni vyembamba na sentensi fupi. Msimulizi anaanza kwa kukwambia jina lake la kwanza na kwamba la ukoo hawezi kulitaja, wala mji anaokaa, kwa sababu adui wako kila mahali. Watoto wa kule waliona ni mbwembwe. Mimi niliona ni kawaida. Kambini mtu hasemi ovyo ukoo wake.

Kwa hiyo mimi sikuona giza, dada. Niliona watu wanaoongea mambo ya kweli kwa Kiingereza ninachokiweza.

Lakini nataka kusema kuhusu mwisho, vitabu vya 53 na 54, maana umegusa Rachel ukaruka lingine. Jake anateka meli ya bwawa la Yeerk. Wamo Yeerk 17,372 majini, hawana miili ya kupigania, vipofu, wanakula. Anaamuru wamwagwe angani. Kitabu kinataja idadi kamili, na tangu nikisome sijaisahau, kama namba ya simu ya zamani. Na baada ya vita yule Visser, jemadari wa Yeerk aliyeongoza uvamizi, anashtakiwa The Hague, Jake anaitwa kutoa ushahidi, na wakili wa utetezi anamgeuzia kibao: na wale 17,372?

Neno The Hague nililijua kabla ya kitabu. Machi 2012 tulikuwa bado kambini, redio zote ziliongea kitu kimoja, hukumu ya kwanza ya ile mahakama ya kimataifa ya jinai. Thomas Lubanga, mtu wa Ituri, ametiwa hatiani kwa kuandikisha watoto wa chini ya miaka 15 na kuwatumia vitani, mwaka 2002 na 2003. Julai akapewa miaka 14. Wazee walibishana siku nyingi chini ya mwembe kama miaka 14 ni mingi au ni tusi. Sisi watoto tulikuwa tunasikiliza kwa sababu kosa lenyewe lilikuwa ni sisi. Umri wetu.

Sasa mwaka uliofuata nasoma Kentucky, nafika kwenye mahakama ya The Hague ndani ya kitabu, na anayebanwa kwa maswali ni mtoto. Nikafunga kitabu nikamrudia Elfangor. Wote mnamlilia Elfangor. Lakini wale walipokutana naye walikuwa na umri wa kama miaka 13. Mtu mzima, mwanajeshi, anakutana na watoto watano usiku, anawapa silaha, anawaambia vita ni vyenu sasa, halafu anakufa. Kwa sheria iliyomfunga Lubanga huyo ni nani?

Sisemi alikuwa na njia nyingine. Kaka zangu wa Fizi nao walioambiwa hivyo, aliyewaambia alisema hana njia nyingine.

Na ubaya unarithiwa. Kwenye kitabu cha 50 Jake mwenyewe anahitaji watu, anakwenda kuwachukua watoto walemavu hospitali, kwa hesabu kwamba Yeerk hawataki miili yao kwa hiyo ni salama kuwaamini. Wengine wanapogeuka na kurudi wanaamka wakitembea, na furaha ile niliisoma mara tatu. Wote wanakufa kwenye 53. Alichofanyiwa na Elfangor akiwa na miaka 13, ndicho alichowafanyia wenzake akiwa na 16.

Kuhusu mwanao sijui. Mimi nilikuwa na 13 na nilikuwa navihitaji.

InamaUchague:

Malagarasi, nimesoma hii kwa matatu nikapitiliza stendi.

Nibishe kidogo lakini. Elfangor alikuwa anakufa, na wale watoto wangeachwa bila kitu wangekuwa viti vyote watano ndani ya mwezi. Lubanga alikuwa na jeshi, akaenda kutafuta watoto. Si kitu kimoja.

Malagarasi:

Si kitu kimoja, ni kweli. Lakini mtoto akishabeba haulizi alipewa na aliyemtafuta au aliyemkuta njiani. Uzito ni ule ule.

BabaZawadi:

Narudisha maneno yangu ya mwanzo. Mwenye namba ya kwanza Dar anauza?

BintiNgamiani:

BabaZawadi sikuuzii, njoo uazime.

Malagarasi, nimekaa na ulichoandika siku mbili. Nilimlilia Elfangor nikiwa na miaka 11 mpaka bibi akauliza nani amenipiga. Na safari hii nilimlilia tena, mtu mzima na akili zangu, sikuona. Nimesoma vitabu 54 kwa jicho la mama, nikajiona nimeona yote, na sikujiuliza hata mara moja ni nani aliyewapa wale watoto vita. Nilikuwa nashughulika na nani anapakua chakula.

Kisha nikakumbuka lile swali la bibi. Kitabu cha 19 nilikuwa nacho tangu utotoni, nilikisoma mara moja nikakiona kimepooza, kuna watu wawili wanatembea msituni wanaongea. Nimekirudia jana. Cassie amechoka na vita, ameacha. Anakutana na mtoto mdogo wa kike, Karen, ambaye ni kiti, na aliye kichwani anaitwa Aftran, namba 942. Na Cassie, wallahi, anamuuliza. Jina analo, anamuuliza anataka nini. Na Aftran anajibu: anataka kuona. Yeerk kwenye mwili wake mwenyewe ni kipofu, maisha yake ni bwawa la matope, na ulimwengu wote wa rangi uko nyuma ya macho ya mtu mwingine. Ukinitoa kwenye kiti, anasema, unanirudisha gizani, na wewe ungekubali? Cassie anakubali. Anajigeuza kiwavi na kupitisha saa mbili, ili Karen aachwe. (Mwandishi anamwokoa baadaye kwa ujanja wa kipepeo, sitaki kuharibu.)

Hapo ndipo mganga alipopatikana, na nilikuwa naye nyumbani miaka yote hiyo, bibi akiwa hai, na sikumsomea. Amefariki 2014. Ningependa kusikia angesema nini kuhusu Aftran. Nadhani angeuliza kwa nini hawakumpa kiti cha kukubaliana, mtu anayekubali kukaliwa siku maalumu kwa masharti, kama inavyofanywa. Na ajabu ni kwamba vitabu vya baadaye vinakaribia hapo, wako Yeerk wa amani wanaotaka kitu cha namna hiyo. Bibi angedai haki yake.

Na 21 nimekisoma hatimaye. David hatubu. Anampiga Jake akiwa simba, Jake chui milia, damu mpaka basi. Watoto wa barabara ya 12, mkinisoma, mniwie radhi. Ila 22 nayo sikuielewa wakati ule: wanamnasa David kwenye umbo la panya, na Rachel na Ax wanakaa naye saa mbili nzima wakimsikiliza akiomba, mpaka muda upite. Mpango wenyewe ni wa Cassie. Huyu huyu wa 19, aliyekubali kuwa kiwavi kwa ajili ya mtoto asiyemjua. Ndiye aliyenibadilikia, kwa kuwa sasa siwezi kumweka upande wowote.

InamaUchague, vipi vile vya katikati? Kuna sehemu nilihisi sauti imebadilika, watu wanafanya mambo kama wamesahau walichofanya kitabu kilichopita.

InamaUchague:

Hukukosea. Kuanzia kama 25 hivi vingi viliandikwa na waandishi wengine wakifuata muhtasari wa Applegate, maana kitabu kilikuwa kinatoka karibu kila mwezi. Naye hakuwa peke yake hata mwanzo, aliandika na mume wake, Michael Grant. Alirudi mwenyewe kwa 53 na 54, ndiyo maana vinauma. Wasomaji walimlalamikia sana kuhusu mwisho, akawaandikia kwamba aliandika habari za vita, na vita haviishii kwa furaha.

Ukimpa mwanao, mpe 1 hadi 8, kisha 13, 19, halafu zile tatu za David kwa mpangilio, TATU, dada. Kati ya 34 na 44 anaweza kuruka akitaka, isipokuwa kama anapenda nyati, kuna kimoja kina nyati.

Malagarasi:

Na msome pamoja zile mbili za mwisho. Mwalimu wangu wa maktaba hakuzisoma nami, aligonga muhuri tu wa tarehe ya kurudisha.

BintiNgamiani:

Nimeanza naye jana usiku, kitabu cha kwanza. Nilisoma mimi kwa sauti, yeye amelala chali, miguu ukutani. Nilipofika Elfangor anapoliwa nilipunguza sauti, nikamwangalia. Kimya. Nikauliza, umeogopa? Akasema hapana, nina swali.

Nikajiandaa. Malagarasi, nilikuwa nimejiandaa kwa ajili yako.

Akauliza: huyu Elfangor kama hana mdomo, anakulaje? Nikamwambia wenzake wanakula kwa kwato, wanakimbia juu ya majani na majani yanafyonzwa kwa chini ya mguu. Akanyamaza sana. Kisha akauliza kama wanaonja ladha ya walichokanyaga, nikasema sijui, tulale.

Leo tangu asubuhi yuko pekupeku nyuma ya nyumba, anatembea polepole kwenye majani kwa uso wa mtu anayeonja. Nimemwambia avae viatu, mbuzi wa jirani wamepita pale. Amesema hiyo ameshaiona.